Mutoto wa Rangi

Evode mchoraji alipoifunua picha mbele ya kanisa dogo la Kingi, misa imekwisha, akina mama walipiga vigelegele, na Sidonie Mukasine akapiga kuliko wote. Alikuwa na haki. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa yeye mwenyewe: kovu lake juu ya jicho, shingo yake, hata kitenge chake cha harusi, kile cha maua ya njano ambacho bwana yake Élysée alimnunulia mjini Sake.

"Njo miye! Mama zangu, mutazame, njo miye kabisa!"

Halafu akaona mikono yake imebeba nini. Akaacha vigelegele.

"Papa Evode, huyu mutoto iko wa nani?"

Maana Sidonie hajawahi kuzaa. Kingi nzima inajua, na wengine wanajua kupita kiasi. Siku Evode alipomchora, kule kambini Kashuga walikokimbilia wakati wa vita, alikuwa amepakata furushi la maharagi, mbegu alizotoka nazo mbio nyumbani. Evode alimwambia picha ni ya gazeti la kanisa, akamwachia sabuni, akaenda zake Goma. Gazeti lenyewe Sidonie hakuliona. Nani angempelekea gazeti kwenye hema?

Evode akacheka, maskini, hakujua anacheka nini. Akaeleza kwamba mkubwa wa gazeti alitaka picha ya Noeli, Bikira Maria akikimbilia Misri, ila Maria wa huku kwetu, asiye na duara la mwanga kichwani. Basi akapaka rangi juu ya furushi, akamweka mtoto.

"Rangi ya mafuta inakubali, Mama. Unafunika tu. Maharagi yako iko pale chini mpaka leo."

Sasa gazeti limekufa, ofisi imefungwa, naye akaona heri picha irudi kwa wenyewe.

Watu wakaangua kicheko. Kumbe jirani yao ni Mama wa Yezu! Mmoja akampigia goti kwa utani, na Sidonie mwenyewe akacheka mpaka machozi.

Akilimali hakucheka. Huyu ni binamu ya Élysée, amerudi juzi tu kutoka machimbo ya Walikale, na tangu arudi alikuwa akibadilisha njia kila akimwona Sidonie. Sidonie alidhani anaogopa kumpa habari ya kifo cha bwana yake. Élysée alikwenda kule kuchimba ili wapate cha kuanzia maisha, kisha vita vikafunga barabara, na simu yake ikanyamaza moja kwa moja. Wanaume walikuja kumposa Sidonie, akawafukuza. "Niko na bwana," aliwajibu, hata siku alizoona haya kulisema.

Akilimali akasogea hadi kwenye picha, uso umemshuka.

"Hii picha miye naijua. Iko kwa ukuta ya Élysée."

"Élysée iko muzima?"

"Muzima, dada. Alinunuaka mandazi barabarani, wakamufungia na karatasi ya gazeti. Kumaliza kula, anaikunjua, anakuta ni wewe. Kitenge yako ya harusi. Na mutoto mikononi. Maandishi haikukuwa, ni picha tu. Alilia sana. Akasema, kumbe nilitoka kwa mulango, mwingine akaingia. Njo akatupa ile namba yake ya simu, akakamata ingine."

Lo! Mwanaume mzima, mbatizwa, mwimbaji wa kwaya, anamwonea wivu Yezu! Miaka yote hiyo! Sidonie alitaka kucheka, alitaka kumrarua Evode, alitaka kukaa chini palepale na kulia kama mtoto.

"Mupigie," alisema. "Akilimali, mupigie sasa hivi!"

Simu ikaita, ikapokelewa. Sidonie akainyakua.

"Élysée, njo miye, Sidonie. Ule mutoto wa kwa picha ni Yezu! Unasikia? Ni Bikira Maria, picha ya Noeli. Miye nilikuwa nimebeba maharagi. Sikuzalaka na muntu. Nilikungoja, Élysée!"

Ikasikika pumzi yake tu, nzito, inakatika.

"Yezu?" akasema mwishowe. "Sidonie... Mungu wangu. Yezu?"

Na palepale, karibu kabisa na simu, mtoto mchanga akaanza kulia.

Sidonie akaitazama picha, akaitazama simu. Akauliza taratibu.

"Élysée, huyo mutoto iko wa nani?"

"Wangu," akasema Élysée, naye analia.

Sidonie akamrudishia Akilimali simu bila kuikata. Evode, jasho linamtoka, alikuwa tayari amefungua mfuko wake na kutoa kisu cha kukwangulia rangi.

"Unisamehe, Mama. Nitamufuta leo leo. Maharagi yako itarudi."

"Huyu utamufuta," Sidonie akamwambia. "Na ule wa Walikale, utamufuta na nini?"