Kikombe Kisikauke

Jumamosi saa tatu asubuhi, tarishi alifunika tangi la pikipiki yake kuukuu kwa taulo bichi, maana alikuwa anabadilisha mafuta ya breki, nayo hula rangi. Akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea hewa, kando ya gurudumu la mbele, ncha ya pili akaitia chupani. Mkewe, mshonaji, alipanda kiti cha pikipiki ili abane mkono wa breki.

"Bana. Shikilia. Usiachie mpaka nikaze nati."

Aliachia mapema. Hewa ikaingia, mkono ukawa laini kama mkate ulioloa. Mara ya pili, vilevile.

"Basi, si kitu," mume alisema kwa upole. Upole huo ndio uliomkera mke.

Saa nne mke wa kwanza aliingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amezikwa miaka sita iliyopita. Alijipangusa vumbi mabegani kabla ya kukanyaga sakafu iliyodekiwa.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, dada. Karibu," mshonaji alijibu, akashuka kumpisha. Adabu ni adabu.

Marehemu akapanda, akabana. Tarishi hakusema bana wala achia. Aliinua nyusi tu, na mwenzake akajua. Mafuta meusi kama kahawa yakaanza kutoka, viputo vikifuatana. Mshonaji alipewa kazi ya kumimina mafuta mapya kwenye kikombe cha usukanini, kisikauke. Akawa anamimina huku anawatazama. Mumewe alicheka, wala hakuna aliyekuwa amesema neno. Miaka mitatu ya ndoa, hakuwahi kumsikia akicheka hivyo. Roho ilimuuma kama sindano iliyopita chini ya kucha.

Akaacha kumimina.

"Mdogo wangu, kikombe kinakauka," marehemu alisema.

"Naona, dada."

Kikakauka. Hewa ikajaa, mkono ukalegea, kazi ya saa nzima ikaharibika. Mshonaji akangoja kugombezwa.

"Tuanze upya," mume alisema, uso umemnawiri kama wa bwana harusi.

Hapo mshonaji akajua amejipalia makaa. Safari hii alimimina bila kupepesa macho, wamalize upesi. Adhuhuri mafuta yalitoka safi, mkono ukawa mgumu kama jiwe. Tarishi akampakia marehemu nyuma, wakaenda kujaribu breki. Alirudi peke yake alasiri.

"Zinashika," alisema.

"Nifundishe mimi. Nitazoea."

"Ya nini ujisumbue? Mwenzio anajua."

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake, akafumua mshono uliokuwa umenyooka.

Jumamosi iliyofuata mume alifungua tena kikombe.

"Kitabu cha pikipiki kinasema mafuta ni kila miaka miwili," mke alisema.

"Pikipiki yenyewe kuukuu," alijibu, macho yakiwa jikoni.

Mke akaenda kuondoa komeo la mlango wa jikoni.