Kofia ya Kichwa cha Pasi

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na naapa kwa kichwa changu. Hata pale mtakapoona nadanganya, ni kweli kabisa kwamba nilidanganya.

Wanaonifahamu wanajua hicho si kiapo kidogo, maana kichwa changu si cha kuchezea. Ukikitazama kutoka juu, kama vinyozi walivyokitazama kwa huruma miaka yote, utaona pasi ya mkaa. Mbele kimechongoka, nyuma kimetanuka, na kisogoni pana nundu ya kutosha kushika kwa mkono. Shuleni waliniita Pasi. Kazini wakaniita Mzee Pasi kabla sijaota hata ndevu.

Nilikuwa msoma mita wa maji. Kazi yenyewe ni kutembea juani kutwa nzima, kufunua kifuniko cha shimo, kuinama, kusoma, kuandika, kufunika, kwenda nyumba inayofuata. Kazi kama hiyo inataka kofia ya pama, yenye ukingo mpana pande zote. Lakini kofia iliyonikaa vizuri kisogoni ilicheza mbele, na iliyonikaa vizuri mbele ilinibana kisogo mpaka nikaona nyota. Upepo ukivuma, kofia inazunguka kama kishale cha mita yenyewe. Nikiinama, chubwi! Imo shimoni. Kofia kumi na moja zilizama hivyo katika miaka yangu miwili ya kwanza kazini. Ya saba iliingia kwenye bomba kuu, na wiki mbili baadaye nikaikuta jikoni kwa mwalimu mmoja wa hesabu, inatoka bombani, ukingo umetangulia. Mwalimu akaniambia niisome mita upya, kwa sababu yeye aliomba maji, hakuomba mavazi.

Ndipo nikampata fundi kofia.

Fundi huyo alikuwa na duka mtaa wa nyuma ya stesheni ya gari moshi. Alinipima siku tatu kwa nyuzi arobaini. Alipomaliza alikaa chini akalia, akasema amekingoja kichwa kama hiki tangu alipoanza kazi. Akachonga kichwa cha mti kinachofanana na changu kama pacha, akakiwambia sufu nene kwa mvuke wa birika, na siku ya saba akanivisha pama nyeusi yenye ukingo wa vidole vinne. Nilisimama kwa mikono, miguu juu, na kofia haikusogea.

Hadithi hiyo nimeisimulia miaka arobaini na mitano, mara nyingi kwenye benchi la nje ya kinyozi, tunapokaa wastaafu kusubiri zamu zetu hata sisi tusio na nywele. Nikimaliza naivua kofia, naiinua juu, natangaza:

"Atakayenikamata na neno moja la uongo, kofia hii ni yake!"

Wenzangu walicheka tu. Nani aende kumtafuta fundi wa nusu karne iliyopita? Nililala usingizi wangu bila wasiwasi mpaka mdogo wangu alipotolewa mtoto wa jicho.

Mdogo wangu wa kike ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na tumeachana miaka kumi na miwili. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, anaotesha na kuuza miche ya maua na miti ya kivuli. Kutwa ameinama, anapandikiza na kumwagilia. Daktari alimwambia, "Mama, jicho hili ni jipya. Jua lisiliguse hata kidogo. Vaa kofia yenye ukingo, la sivyo utarudi hapa umeshikwa mkono." Maskini, siku zote alikuwa akifunga kilemba, na kilemba hakina ukingo. Akanunua kofia. Akiinama, imeanguka kwenye miche. Akanunua nyingine, ikaanguka kwenye ndoo. Akaifunga kamba kidevuni, kamba ikamkaba mpaka akawa anaongea kama redio yenye betri mbovu. Miche ikaanza kunyauka, maana alikuwa anatoka alfajiri na jioni tu, katikati anakaa ndani akiitazama dirishani kwa jicho moja.

Asubuhi moja akaja kwangu, akasimama mlangoni.

"Kaka, nipeleke kwa fundi wako."

"Fundi gani?"

"Huyo wa nyuzi arobaini. Kwani unao wangapi?"

"Aa, yule alishafariki."

"Lini? Mwezi uliopita ulisema mmesalimiana."

"Tulisalimiana akiwa mahututi."

"Basi niazime yako, nione kama itanikaa."

Niliishika kofia kwa mikono miwili kama vile umepita upepo. "Hii ilipimwa kwa kichwa changu, mdogo wangu. Kichwa kingine ikikiona inajikunja."

Alinitazama kwa lile jicho jipya. Lilikuwa jicho baya, linaona mpaka ndani.

"Vaa viatu," akasema.

Sasa niwaambie jambo ambalo mpaka siku ile sikuwahi kuliambia benchi. Fundi yule sikuwahi kumwona kwa macho yangu. Jina la mtaa wake nililisoma kwenye kikaratasi kilichoshonwa ndani ya kofia. Njia nzima nilikuwa naomba kimoyomoyo duka liwe limegeuzwa la simu, nisikitike kidogo, turudi nyumbani.

Mdogo wangu yeye alikuwa na furaha zake. Tulipopita nyuma ya stesheni akakionesha kidole kiwanda cha zamani cha kupiga chapa, ambacho leo ni ghala la magodoro.

"Unakumbuka kofia za karatasi za baba?"

Nani asahau? Baba alikuwa mpanga herufi pale. Kazini wote walivaa kofia za karatasi walizokunja wenyewe, ili wino na mafuta ya mitambo visiwaingie nywelini. Jioni baba alikuja na karatasi zilizoharibika, akatukunjia mimi na mdogo wangu mezani, anakunja hapa, anabana pale, na hazikuwahi kutuanguka. Njiani alivaa pama yake ya kijivu. Akifika aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa ilikuwa inatikisika kidogo kama inayosalimu.

"Ile pama ya kijivu ndiyo ilinitoa machozi," mdogo wangu akasema. "Siku za msiba wake nikaenda kuitazama, nikakuta msumari mtupu. Nilikuwa na miaka saba. Niliuliza mpaka mama akanikataza."

"Watu wengi walikuja msibani," nikasema.

"Ndiyo. Wengi kweli."

Tukaendelea kutembea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule.

Duka lilikuwepo. Limebanwa kati ya fundi simu na duka la mikate, halina upana wa milango miwili, lakini lipo. Ndani birika lilikuwa linachemka, sufu mbichi inanuka kama mbwa aliyenyeshewa, na ukuta mzima ulikuwa rafu za vichwa vya mti, kila kimoja na namba yake. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye pini zimejipanga kifuani, aliinuka kitini.

"Shikamooni wazee wangu." Macho yake yakaruka moja kwa moja juu ya kichwa changu. "Ee! Hiyo ni kazi ya marehemu baba!"

Jamani, nisiwafiche, nilikaribia kumkumbatia. Miaka arobaini na mitano nadanganya, na leo napata shahidi!

"Umesikia?" nikamwambia mdogo wangu kwa sauti ya kujaza duka. "Umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia, kaka. Samahani." Na kweli alionekana kujuta. Akafungua kilemba, akainamisha kichwa mbele ya yule mama. "Mwanangu, tazama. Ni hiki hiki cha kaka yangu. Nahitaji ya kunikaa nikiinama, jicho langu lina masharti."

Nilikuwa sijakiona kichwa chake kitupu tangu utoto. Pasi, ndugu zangu. Pasi kamili na nundu yake.

"Basi kazi ni nyepesi," yule mama akasema. "Kila kichwa kilichomshinda, baba alikichongea mti wake, na hakutupa hata kimoja. Mzee, niazime kofia nisome namba."

"Namba naikumbuka," nikasema haraka. "Kumi na saba."

Akageuka rafuni. "Kumi na saba ni mpiga tarumbeta. Kichwa kama chungwa."

"Basi sabini na moja."

"Kaka," mdogo wangu akasema, "mpe mtu kofia."

Nikampa. Akaifunua kwa ndani, akaupindua ule ukanda wa ngozi unaokaa kwenye paji la uso, akasoma: sitini na mbili. Akapanda ngazi, akafuta vumbi, akashuka na kichwa mikononi. Alikiweka mezani tukakitazama wote watatu. Kilikuwa mimi.

"Chini alikuwa akiandika mteja ni nani," yule mama akasema, akakipindua, akamsogezea mdogo wangu.

Mdogo wangu alisoma polepole, kwa jicho moja. "Mpanga herufi. Kijivu. Ukingo vidole vinne." Kisha akasoma tarehe, na nilimwona anahesabu kwa vidole. "Kaka, mwaka huo ulikuwa darasa la tatu."

"Mimi... nilikomaa mapema."

"Na hii si nyeusi, mzee wangu," akaongeza yule mama bila ubaya wowote, akinionesha kitambaa chini ya ukanda. "Imechovywa rangi ya nguo. Huku chini bado kijivu."

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni, na wa tatu ulikuwa mzuri sana. Lakini mdogo wangu hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kile kichwa cha mti, anakipapasa kuelekea kisogoni, taratibu, mpaka mkono ukafika kwenye nundu, ukatulia. Mkono wa pili akaupeleka kwenye nundu yake mwenyewe.

"Sura yake siikumbuki vizuri," akasema. "Picha hatuna. Lakini hapa napakumbuka. Akinibeba mabegani, nilikuwa nashika hapa nisianguke."

Birika likaendelea kuchemka. Yule mama akaenda kulipunguza moto, ingawa halikuhitaji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilinikaa," nikasema. Ndiyo jibu pekee lililotoka. "Niliivaa mara moja tu, siku ile ya msiba, nione. Ikanikaa. Hakuna kitu cha dukani kilichowahi kunikaa. Nikaogopa nitaambiwa niirudishe msumarini, nikaificha sandukuni. Miaka miwili nikavaa takataka zilizozama mashimoni, kisha nikahamishwa kusoma mita mji mwingine, nikarudi nayo nyeusi na hadithi ya nyuzi arobaini."

"Na mama?"

"Mama aliitazama muda mrefu. Akasema, 'Fundi wako hodari.' Kisha akasema, 'Hebu geuka kidogo, taratibu.'"

Tangu siku hiyo kila nikitoka kwenda kazini mama alikuwa anakuja mlangoni kunisindikiza kwa macho mpaka nipinde kona. Mimi nilidhani anaisifia kofia.

Mdogo wangu akajifuta shavu, akanyoosha mkono.

"Ulisema atakayekukamata na neno moja la uongo."

"Nilisema kwa kinyozi. Yalikuwa maneno ya benchini."

"Maneno ni maneno. Mwanangu, wewe ni shahidi?"

"Mimi ni shahidi," akasema yule mama, na pini zake zote zikacheka naye.

Nikalipa deni langu. Niliichukua kofia mezani, nikaipangusa ukingo kwa kiwiko kama nilivyoipangusa kila asubuhi, nikamvisha mimi mwenyewe. Haikuhitaji kurekebishwa hata unywele mmoja. Aliinama akagusa sakafu. Akatikisa kichwa kama kuku aliyemwagiwa maji. Kofia imetulia, kivuli kimelifunika lile jicho.

"Na mzee tutamtengenezea nyingine juu ya mti huu huu," yule mama akasema. "Miezi miwili, sufu haijafika."

"Miezi miwili! Na upara huu, saa sita hii?"

Mdogo wangu akaokota gazeti kuukuu kaunta. Sikujua kama anakumbuka. Nadhani hata yeye hakujua, mikono ndiyo iliyokumbuka. Akakunja hapa, akabana pale, akanivisha. Ikanikaa.

Tukarudi kwa miguu. Watu waliniangalia mimi na gazeti langu, na kwenye benchi la kinyozi walisimama wote kuuliza. Nikafungua mdomo kuwaeleza kwamba kofia hii imekunjwa na mafundi arobaini.

"Kaka," akasema mdogo wangu, hata hakugeuka.

Nikawaambia yaliyotokea, yote, kama nilivyowaambia ninyi. Hakuna aliyeamini.

Yeye alikuwa ameshatangulia, anaiwahi miche yake. Nikamwona kwa nyuma, mabega, shingo, na ile pama imelala upande mmoja vilevile kama kwa baba. Nikasimama katikati ya barabara na kofia yangu ya karatasi.

"Mdogo wangu," nikamwita. "Hebu punguza mwendo. Wewe tangulia, lakini taratibu."