Friji ya Kuazima

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hakuna kinachomkosesha usingizi kama mgeni kumkuta hana kitu. Sheria mpya ya bima ya afya ilipokuja, tukaambiwa wakaguzi watapita nyumba kwa nyumba, na wasio na uwezo watapewa kadi ya bure. Tulifurahi. Mumewe alikuwa na ngiri, anatembea ameshika kinena, na bila kadi upasuaji tungeusikia redioni tu.

Shangazi katika habari yote ile alisikia neno moja: wageni.

Akaazima zulia kwa kinyozi, televisheni kwa fundi viatu, na friji kwa jirani yetu, mama muuza mkaa. Mkaguzi akanywa soda baridi, akasifu nyumba, akatuandika wenye uwezo. Mwenye nyumba wetu, bwana wa nyumba kadhaa, alimpokea akiwa amevaa fulana iliyotoboka, amekalia tofali. Kadi akapata.

"Mke wangu," mumewe alisema, "utanizika kwa heshima sana."

Tukakata rufaa. Mkaguzi aliporudi alikuta mkeka na cherehani.

"Vile vitu mmeficha wapi?"

Shangazi, ambaye ulimi wake humtoa mteja jasho kwa ajili ya pindo la suruali, akaanza kutia uzi kwenye cherehani.

"Vilikuwa vya kuazima," nikasema mimi.

"Vya nani?"

Majirani walikuwa wamejaa dirishani. Upande wao wa mtaa ulikuwa haujakaguliwa bado, na kudai friji siku ile ni kuiaga kadi ya bure. Kinyozi akaanza kukagua kucha zake. Fundi viatu akakumbuka ameacha gundi wazi. Siwalaumu, ila niliwachukia kidogo.

Muuza mkaa, ambaye tangu nimjue anakohoa, akajipenyeza mlangoni.

"Friji ni yangu. Niandike mimi."

Mkaguzi akatufuta kwenye orodha ya wenye uwezo, akamwandika yeye. Mume wa shangazi akaegemea ukuta, akashusha pumzi.

"Dada," shangazi akauliza, "na hicho kifua?"

"Tumeshazoeana."

Shangazi akamshika mkono, machozi yakimtoka mbele ya mgeni bila kujificha. "Mkaguzi, basi andika na hili: huyu ni mgonjwa."

Mkaguzi aligeuza karatasi mbele na nyuma, akatafuta kwa kweli kabisa.

"Hamna sehemu ya kuandika hilo," akasema.