Msiba Uliokwama Kwenye Diski

Jumamosi asubuhi, Fiona akiwa mezani anakunywa uji, mama yake, Avelina, aliwasha kompyuta ya nyumbani, na kompyuta ikamjibu kama ilivyomjibu jana yake: faili imeharibika, haiwezi kufunguliwa. Ilikuwa faili ya picha za mahafali yake ya uuguzi. Avelina akaizima, akaiwasha, ikamjibu vilevile. Akapiga meza kwa kiganja na kusema neno ambalo mwanakwaya wa sauti ya pili hatakiwi kulisema mbele ya mtoto. Fiona hakuinua hata macho.

Kompyuta hiyo haikuwa na neno mpaka siku alipochomeka flashi ya msiba. Flashi aliletewa na Celestine, dada mmoja wa kanisani aliyekuwa amekwenda likizo nyumbani Tanzania, akarudi kwa ndege ya Dallas. Avelina aliendesha gari kutoka kwake Stafford, kando ya Houston, mpaka Dallas na kurudi siku hiyohiyo, maana ndani ya flashi kulikuwa na video ya mazishi ya mama yake, na hakukuwa na nakala nyingine duniani. Mpiga picha kule Bukoba alikwishafuta kadi yake ili akapige harusi.

Siku ya mazishi yenyewe Avelina aliyafuatilia kwa simu, ameketi garini kwenye maegesho ya hospitali anakofanya kazi, na sare yake mwilini. Aliona misa, aliona jeneza likipita katikati ya migomba, akaliona linatuliwa kando ya kaburi. Hapo mtandao ukakata. Uliporudi, watu walikuwa wanakula. Kwa hiyo hakumwona mama yake akiingia ardhini, na mtu usiyemwona akiingia ardhini ni taabu tupu: kila simu ya nyumbani ikilia, mkono unaikimbilia ukidhani ni yeye. Alitaka kuona udongo ukitiwa. Hilo tu, wala hakuomba makubwa.

Video nayo ikamgomea. Ilikwenda vizuri mpaka pale mshereheshaji aliposema, "Sasa ni wakati wa udongo," kisha ikasimama. Kusimama kwenyewe kulikuwa kwa ajabuajabu. Majani ya migomba yaliendelea kupepea, akina mama waliendelea kujipungia kwa khanga, mtu mmoja akakohoa. Ila hakuna aliyefanya kitu, na saa ya chini ya skrini haikusogea.

Kisha faili nyingine zikaanza kuharibika moja baada ya nyingine. Picha za ubatizo wa Fiona zilipokubali kufunguka, masinia ya pilau yalikuwa matupu. Kwenye picha za pikiniki ya Watanzania, viti vyote vilikuwa vimeondoka na turubai halipo. Avelina akasema ni virusi. Akanunua dawa ya virusi. Akabadilisha nyaya, akaikagua diski usiku kucha, akapiga simu ya huduma kwa wateja, ambako kijana mpole alimshauri aichomoe na kuichomeka tena. Akaichomoa, akaichomeka. Akaiombea. Hakuna alichoacha, na hakuna kilichosaidia. Hasira zikampanda mpaka kichwa kikamuuma.

Ndipo akamwita Sadock, Mtanzania wa mtaa wa Alief, Houston, anayetengeneza kompyuta za ofisi moja, na ambaye kila msiba na kila harusi ndiye hufunga spika. Sadock alikuja mchana wa Jumamosi hiyo, akavua viatu mlangoni, akaketi, akaikagua diski kwa muda mrefu huku akitafuna karanga.

"Dada Avelina," akasema, "diski yako ni nzima kabisa. Ila ina watu."

"Watu gani?"

"Hao wa msiba. Hawajaondoka. Wana njaa, na jua linawachoma, sasa wanatoka kwenye video wanaingia folda za jirani kutafuta chakula na kivuli. Kila wanapopita faili inavurugika. Angalia, folda ya kodi hawajaigusa. Huko hakuna cha kula."

Avelina akaangalia. Kweli, folda ya kodi ilikuwa salama salmini.

"Na kwa nini wasizike waende zao?"

"Waulize," Sadock akasema, akaongeza sauti.

Kwenye skrini mjomba Elia, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama kando ya kaburi na koti lake la suti limekunjwa mkononi.

"Shikamoo mjomba," Avelina akasema.

"Marahaba. Uko wapi wewe?"

"Niko nyumbani, mjomba. Stafford."

"Stafford! Si ulisema uko njiani?"

Avelina alikuwa amesema hivyo. Siku mama alipofariki alipiga simu akilia, akasema, "Niko njiani, mjomba, mtu asitie udongo kabla sijafika." Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye anayeanza kutia udongo. Maneno hayo Texas nzima inayajua. Huyasema mtu ambaye karatasi zake za ukaazi ziko ofisi ya uhamiaji mwaka nenda mwaka rudi, na akithubutu kutoka nje ya nchi mlango unafungwa nyuma yake. Anajua haendi popote, lakini mdomo unasema niko njiani, kwa sababu kunyamaza ni aibu zaidi. Nyumbani hawakujua habari za karatasi. Walijua picha zake na gari. Asipokuja walisema ana roho ngumu, kazi imemfanya asahau kwao, naye aliona heri waseme hivyo.

Akampigia simu mdogo wake Deusi, Bukoba.

"Deusi, hivi mama mlimzika?"

"Dada, maswali gani hayo? Tulimzika. Udongo nilitia mimi kwa niaba yako. Kaburi lina vigae, nilikutumia picha."

"Kwenye video hajazikwa. Mjomba amegoma."

"Mambo ya kwenye video mimi siyajui," akasema. "Huko mjomba ana msimamo wake."

Wakati huo Sadock alikuwa ameibembeleza ile faili ya mahafali mpaka ikafunguka. Akasogeza kiti ili Avelina aone. Kwenye ukumbi ule wa Houston, safu ya kwanza, kiti cha pembeni, alikuwa ameketi mama yake, na gauni jeupe alilovalishwa kuzikwa, pamba bado ziko puani. Kiti hicho siku ya mahafali kilikuwa kitupu. Walimnyima viza, akaomba tena wakamnyima tena, kwa maelezo kwamba ajuza kama yeye, mwenye shamba la migomba na mbuzi, hakuonyesha kwamba angerudi kwao.

Fiona akapita na bakuli lake. "Oh, that's Bibi," akasema. "She was in my birthday pictures too." Akampungia mkono, kama mtu aliyekwisha kumwona kwenye picha za siku yake ya kuzaliwa, akaenda jikoni.

"Naweza kuitengeneza," Sadock akasema polepole. "Ile dakika mjomba anapowatangazia watu ahadi yako naikata. Mjomba hatakumbuka kwamba ulisema unakuja. Watatia udongo, video itakwenda mpaka mwisho, utaona ulichotaka kuona. Picha zako zote zitapona. Ila na mama atarudi kwenye jeneza, na hiki kiti kitabaki kama kilivyokuwa."

Avelina akasogeza uso karibu na skrini.

"Mama," akasema, "sikuwa njiani."

"Najua," mama akajibu, macho yake yakiwa jukwaani, ambako wahitimu walikuwa wakiitwa majina.

"Sina karatasi."

"Na hilo nililijua. Mwenye karatasi angekosa harusi ya Deusi, na wewe unavyopenda pilau?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungenidanganya, halafu ningekuwa na mtoto mwongo. Nyamaza, nakusikiliza ukiitwa."

Avelina akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Akarudi kwenye video, akamwambia mjomba Elia ukweli mbele ya msiba mzima: kwamba hana karatasi, kwamba akitoka harudi, na mtoto yuko hapa, na kwamba neno lile la njiani lilikuwa uongo. Mjomba akahamisha koti kutoka mkono huu kwenda mkono mwingine.

"Hizo karatasi zitatoka lini?"

"Hawasemi."

"Basi tutangoja."

"Mjomba, tafadhali! Tieni tu udongo! Asiyekuwepo na lake halipo, si ndivyo mnavyosema? Kule kwenyewe mlishazika. Kaburi lina vigae!"

"Hilo ni la kule," mjomba akasema. "La hapa liko wazi, na mwenye udongo wa kwanza ni wewe." Akatandaza koti kwenye majani, akaketi.

Sadock alikuwa ameshaweka kidole kwenye kibodi. "Nikate?"

Avelina alimtazama mjomba aliyeketi, akamtazama mama yake kwenye kile kiti, ametulia kama mtu aliyelipa nauli yake. Akasema hapana. Alilisema kwa uchungu, bila kufurahi hata kidogo, maana alijua sasa udongo ule hatauona.

Kabla ya jioni akafungua simu na kutazama habari za ombi lake. Bado linashughulikiwa, iliandikwa. Akamwambia mjomba, na mjomba akawapazia sauti wale wa nyuma ambao hawakusikia. Mama mmoja akauliza kama kuna chochote cha kula.

Avelina akaingia jikoni. Akapika ndizi na maharage, sufuria kubwa ya sherehe, akaipiga picha vizuri, na Sadock akaiingiza kwenye folda ya msiba. Watu wakasogea kwa fujo. Mama yake aliposikia kelele akatoka ukumbini, akaja mpaka kaburini kwake, akawanyang'anya mwiko, kwa sababu hajawahi kuvumilia wageni kupakuliwa ovyo. Akawapakulia wote, mjomba kwanza. Kisha akajaza sahani moja ya mwisho, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kando ya lile shimo.

"Hiki ni cha mwanangu," akawaambia. "Mtu asikiguse."