Diski Ndani ya Gunia la Mchele

Simu ya Mzee Ntabaza iliingia kabla sijamaliza chai.

"Maman Emerance, ngombe iko inalia tangu usiku, inataka dume. Jirani Nsabimana alishaleta yake, iko apa ku mulango. Nimupe?"

"Ngojea, Papa. Niangalie kwanza kama si ndugu."

Kuangalia ndiyo kazi yangu. Ninawawekea wafugaji wa Gikundamvura kumbukumbu za ukoo wa ng'ombe: kila ndama, mama yake, baba yake. Mwaka jana Ntabaza hakuuliza. Akampa ng'ombe wake dume wa damu moja, ndama akazaliwa miguu imepinda. Sasa amebaki na mtamba mmoja, na hafanyi lolote bila neno langu.

Neno langu liko kwenye diski mbili za nje, moja nakala ya nyingine, zimefungwa kwa nywila kwa sababu ndani kuna majina na simu za watu. Wiki hiyo mvua ilininyeshea kwenye pikipiki mpaka Bugarama, mkoba ukalowa chapachapa. Mume wangu Niyomugabo, anayefanya kazi kwenye mashine ya kukobolea mchele, akazizika ndani ya gunia la mchele zikauke, kama watu wanavyofanya na simu iliyolowa. Zote mbili! Sasa nakala ni ya nini?

Nikachomeka ya kwanza. Nywila ikakubali, hifadhidata ikaanza kufunguka, halafu ikakwama: diski haisomeki. Ya pili vilevile. Kompyuta, ambayo haioni kilichofungwa na hudhani ni patupu, ikaniuliza kama ifute yote ianze upya, oui ikiwa ndiyo.

"Bonyeza oui, tupumuzike," akasema Niyomugabo.

"Nikibonyeza oui, ngombe yote ya Gikundamvura inapotea. Toka apa!"

Nikaanza kuikagua diski ya kwanza sehemu kwa sehemu, bila kuandika kitu juu yake. Ni kazi ya kukaa na kusubiri saa nyingi, nami nilikuwa nimechoka hata kabla ya kuanza. Ntabaza akapiga tena. Mtamba amekata kamba, naye amemfungia jikoni.

"Bantu banacheka, Maman. Banasema niko naomba mashini ruhusa."

"Ngojea, Papa." Nililichukia neno hilo.

Ukaguzi wa pili ukanishtua. Makosa hayakuwa pale pa mara ya kwanza. Diski inayokufa huumwa mahali pamoja. Hii iliumwa popote. Basi ugonjwa haukuwa wa diski, ulikuwa wa njia. Nikamulika tundu la waya kwa tochi: limejaa unga wa pumba wa lile gunia, umegandamana. Nikauchokonoa kwa sindano, nikachukua waya mwingine. Ikafunguka yote. Kabla hata ya kunakili nikamtafuta mtamba na lile dume. Baba tofauti, mama tofauti, hata babu hawajuani.

"Papa, mupe! Si ndugu!"

Nikasikia kuku.

"Imepoa, Maman. Iko inakula majani. Nsabimana alishaenda na dume yake."

Wiki tatu nyingine za kusubiri mpaka atake dume tena, kwa sababu ya pumba. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

"Unalia? Acha. Ile ndama ya mwaka jana niliinyonyesha na chupa mupaka ikakufa mu mikono yangu. Wiki tatu nitangojea. Weye chunga tu izo disiki."

Jioni Niyomugabo alipika wali. Nilikula huku diski ziko mapajani mwangu.