Siki ya Kupulizia

Kiwandani walimwita Mpishi, ingawa nyumbani hata chai ilimshinda. Alichopika yeye ni nyuzi za mbao. Alizikausha, akazichemsha katika pipa la chuma pamoja na dawa kali ya jamii ya siki, kisha akazipeleka kwenye mashine ya kugandamiza. Ubao wake ulilala majini siku nzima usivimbe. Ulibaki na harufu ya siki kwa mbali, na mafundi seremala walishaifanya alama ya ubao usiovimba: hawatoi pesa kabla ya kunusa.

Mwezi huo dawa ikaisha. Meneja hakuagiza nyingine. Alimletea Mpishi dumu la siki ya dukani na bomba la kupulizia.

"Juu juu tu, Mpishi. Hawa mafundi wananunua kwa pua."

"Na maji je?"

"Maji ni shida ya mwenye nyumba."

Siku tatu Mpishi alipulizia, akijiona kama mtu anayepaka maiti manukato. Siku ya nne akaingia baba mkwe wake, fundi wa makabati, aliyependa kumtania: "Binti yangu nilikupa kwa ajili ya mbao zako, si kwa sura hiyo." Alitaka mbao thelathini za makabati ya zahanati. Akainama, akanusa, akatikisa kichwa kukubali.

Meneja alikuwa palepale. Mpishi alijua akifungua mdomo kazi imekwenda, na mkewe ni mjamzito. Hata hivyo alichukua kipande, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto. Kabla Meneja hajamaliza sigara ya pili, kingo zilikuwa zimefura kama mkate kwenye chai.

"Umeona, baba?"

Mzee hakushtuka. "Nilijua tangu juzi. Unanionaje, mbumbumbu?"

"Sasa unazinunua za nini?"

"Mwenye kazi naye atanusa, mwanangu. Akishanusa, analipa. Zikianza kuvimba, mimi sipo." Akamgeukia Meneja. "Nipunguzie bei kidogo. Mkwe wangu keshanilowanishia moja."

Meneja alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia, akamwambia Mpishi avue ovaroli na asirudi kesho.

"Kabla hujaenda," mzee akasema, "shika upande huo tupakie."

Angefanyaje? Ni baba wa mkewe. Akashika. Akapakia zote thelathini, na mzee akawa anamkemea asizikwaruze.