Jibini ya Miwani

Mama Jibini alipokitia kinywani kile kipande alichopewa na mteja wake, alikuwa hana hili wala lile. Duka lilikuwa bado halijachangamka, naye alikuwa akifuta kaunta huku mawazo yake yakiwa kwenye maziwa yaliyokuwa yakipata moto nyuma. Mteja mwenyewe, mwalimu mmoja mpenda maneno, alikuwa amemnyooshea mkono karibu amguse midomo.

"Onja basi, mama. Nimeinunua kwa Miwani, mtaa wa pili. Haki ya nani, ningefumba macho ningesema ni yako."

Siku nyingine asingekigusa. Tangu Miwani afungue duka lake la jibini, Mama Jibini hakumsalimia, hakupita mbele ya mlango wake, na bidhaa yake haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii. Lakini kumkatalia mteja mwenye kipande mkononi ni utovu wa adabu, na mwalimu huyu akinuna hununa na shule nzima. Akapokea, akatafuna.

Kwanza ilikuja chumvi. Kisha utamu wa taratibu, kama wa karanga zilizokaangwa, halafu kule nyuma ya ulimi kaukali kadogo kakabaki kanamchezea. Mama Jibini alishika kaunta. Alimwona marehemu mama yake mzima mzima, aproni imelowa, akigeuza jibini rafuni na kuzipigapiga mgongo kama watoto wachanga. Hamu ilimjaa hata akasahau kuwa mwalimu anasubiri.

Hamu ilipotoka, shaka ikaingia, nayo haikubisha hodi. Ladha ile ilikuwa ya nyumba hii. Ilitoka kwenye chachu ya mama, ule ute mweupe uliokaa ndani ya chupa kwenye friji, unaolishwa maziwa kila asubuhi na kutiwa kidogo kwenye kila pipa ili maziwa yapate tabia. Maziwa hata Miwani anayo. Chachu ile ilikuwa moja tu duniani, na kama Miwani anayo, basi kuna mtu kampelekea.

Funguo za chumba cha friji walikuwa nazo watu watatu mbali na yeye. Wa kwanza mumewe, bwana mpole asiyejua kuficha hata zawadi. Wa pili wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza kaunta na kupiga soga mpaka jibini inatoka jasho. Huyo angeiba kitu asingeweza kulala bila kumsimulia mtu. Wa tatu alikuwa Kitinda, mdogo wake wa mwisho, aliyebaki mikononi mwake mama yao alipofariki. Alimsuka, akamlisha, akampeleka shule, akamfundisha kazi. Kwa huyo Mama Jibini hakutaka hata kuanza kufikiri.

Bahati mbaya, macho yake yalikuwa yameshaanza. Wiki iliyotangulia alimwona Kitinda akitoka mlango wa nyuma wa Miwani, kikapu mkononi, kitambaa juu ya kikapu. Aliporudi akamuuliza ametoka wapi, naye akajibu, "Kwa fundi viatu, dada." Viatu alivyovaa vilikuwa na kisigino kilekile kilicholegea, kinapiga kata-kata sakafuni. Neno lile Mama Jibini alilimeza na mfupa wake.

Akajiapia. Atakayebainika ametoa chachu ya mama, atatoka katika kazi hii, awe nani, hata kama wamelala tumbo moja. Aliapa huku akiomba kimoyomoyo asiwe yule.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, duka likiwa limefungwa, akawaita wote watatu kwenye meza ndefu ya kukatia. Aliwaambia anafikiria kuanza aina mpya, kwa hiyo waonje jibini tano, nne za watu na moja yao, waone wao wanasimama wapi. Alisema hivyo kwa sauti tamu mno, mpaka wifi akamtazama mara mbili.

"Tutaonja kama mama," akasema Mama Jibini.

Kuonja kama mama kulikuwa na taratibu zake. Jibini hutolewa friji mapema ipoteze baridi, hukatwa ganda lote ili sura isiseme kitu, na huanzwa kwa iliyo pole kuishia kwa iliyo kali. Baina ya moja na nyingine ni kipande cha mkate mkavu na maji. Waonjaji hufungwa vitambaa machoni, na hakuna kufungua mdomo kusema mpaka sahani ya mwisho ipite. Mama yao alikuwa na sababu zake. Mama Jibini siku hiyo alikuwa na yake: alitaka kuzitazama nyuso tatu bila zenyewe kumtazama.

Akawaketisha kwa mstari, akawafunga, akaanza kupita na uma. Ya kwanza ilikuwa jibini laini nyeupe, ya pili ya moshi. Walitafuna kwa amani. Ya tatu ilikuwa ya Miwani. Alipoifikia, alishika uma kwa mikono miwili.

Wifi alitabasamu, akaguna, "Mmh!" akajiziba mdomo kwa kuvunja sheria. Mumewe aliacha kutafuna, akameza kwa nguvu kama anayemeza kidonge, akapapasa glasi ya maji nusura aiangushe. Kitinda aliweka kiganja kinywani na kukaa vile kitambo kirefu. Halafu, chini ya kitambaa, chozi moja likamtoka likafika kidevuni.

Mama Jibini aliliona chozi lile. Akawapa ya nne, ambayo ilikuwa yao wenyewe. Wote walitafuna tu, kama watu wanaokula kwa sababu kuna chakula. Ya tano ilikuwa ile yenye ukungu wa bluu, iliyotoka supamaketi, na wifi akashindwa kujizuia.

"Wifi, hii umeivua mguuni mwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Mama Jibini akawauliza, bado wamefungwa macho, "Haya. Yetu ni ipi?"

"Ya tatu," wifi akasema. "Hilo nalo swali?"

"Ya nne," mumewe akasema, polepole, akiwa ameinamisha kichwa.

"Ya nne," akasema Kitinda.

Basi. Ilimwingia Mama Jibini kama maji ya baridi mgongoni. Wifi, asiyejua kitu, alikuwa amedanganyika kama ambavyo kila mtu angedanganyika. Jibini mbili za chachu moja, nani angezitenganisha, isipokuwa mtu anayezijua zote mbili, mtu aliyekwisha kuila ya Miwani mpaka akaizoea? Mumewe huenda alibahatisha. Kitinda hakubahatisha. Kitinda alikuwa amelia.

"Vueni vitambaa," akasema. "Kitinda, umejuaje ni ya nne?"

"Nimeonja, dada."

"Ya tatu ni ya Miwani. Na ya nne yetu. Zimefanana kama mapacha. Umezitofautishaje wewe?"

"Hazifanani."

"Usinidanganye, nimekuona!" Sauti ilimpanda, wala hakuishusha. "Nimekuona unatoka mlango wa nyuma wa Miwani na kikapu. Ukaniambia umekwenda kwa fundi viatu. Nimekulea, Kitinda. Nimekosa kula ili ule. Leo unachukua kitu pekee alichotuachia mama, unakwenda kukiuza kwa mtu yule! Umemuuza mama!"

Wifi alisema "Jamani!" na mumewe akainuka nusu, akakaa tena. Kitinda hakupaza sauti. Alimtazama dada yake kana kwamba amekutana naye njiani na hajakumbuka jina.

"Kwa hiyo hivi vitambaa vilikuwa vya kuniangalia mimi," alisema. "Haya. Dada, hizi mbili umewahi kuzionja pamoja? Moja baada ya nyingine?"

Mama Jibini alizitazama sahani mbili zile. Ya Miwani aliionja mara moja tu, dukani, kwa mkono wa mwalimu. Kipande alichomwagiza mwalimu kwa siri kwa ajili ya leo alikikata bila kukilamba. Alijua. Kuna haja gani ya kuonja kitu unachokijua?

"Kaa," Kitinda akasema. Akavua kitambaa kilichokuwa bado kinamning'inia shingoni, akamfunga dada yake macho, akakaza fundo. Sahani zikasogezwa mezani, zikapishana, zikatulia. Mama Jibini alisikia kisu, kisha uma ukamgusa mdomo.

Alitafuna. Ilikuwa jibini, si mbaya. Chumvi ipo, maziwa yapo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, ladha ilikatika kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Akatafuna mkate, akanywa maji, akapokea ya pili. Utamu wa taratibu ulipokuja, na kale kaukali nyuma ya ulimi, mabega yake yalishuka.

"Hii ndiyo yetu," akasema. "Hii hata nikiwa maiti nitaijua. Ile ya kwanza ni ya dukani, haina roho."

Akavua kitambaa mwenyewe, uso umejaa ushindi. Mbele yake, kwenye sahani aliyoita yao, vilikuwa vimebaki vipande vilivyolala juu ya karatasi ya njano ya Miwani, aliyokuwa ameitandika Mama Jibini mwenyewe kwa mkono wake ili asichanganye. Ile isiyo na roho ilikuwa kwenye sahani yao nyeupe.

Aliitazama meza. Ni mumewe aliyezungumza, macho yakiwa kwenye mikono yake.

"Ni mimi, mke wangu, niliyeiua chachu. Ulipokuwa umelazwa hospitali. Ulisema niilishe maziwa yaliyochemshwa, nami nilikuwa na haraka ya kuja kukuona, sikusubiri yapoe. Niliyamimina yakiwa moto. Asubuhi yake chupa ilikuwa inanuka maji tu. Nikanunua chachu ya pakiti, ile wanayotumia wote."

"Na ukaninyamazia?"

"Daktari alisema usishtuliwe. Nikasema ukitoka utaionja utajua, nami nitakuomba radhi. Ukatoka, ukaionja, ukasema nzuri kama siku zote." Akameza mate. "Nikadhani umejua, ila unanisitiri."

"Sote tulidhani hivyo," akasema Kitinda.

"Mimi sikudhani kitu," wifi akanong'ona. "Mimi sikujua kabisa."

Mama Jibini alikumbuka siku ile vizuri. Dawa zilikuwa zimemfanya kila anachokula kiwe na ladha ya bati. Alionja jibini yake akakuta bati, na kwa kuogopa wasiseme mwonjaji amepoteza ulimi, akasema nzuri. Wiki iliyofuata akasema nzuri. Ulimi uliporudi alikuwa ameshazoea kusema tu, bila kuisikiliza ladha. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, na nyuma yake hofu, maana alikuwa bado hajamwangalia mdogo wake.

"Na kwa Miwani ulifuata nini?"

"Chachu," Kitinda akajibu. "Mama alimpa mama yake Miwani chupa moja zamani, wewe ukiwa mtoto. Alimwambia nyumba moja ikiipoteza, nyingine iwe nayo. Miwani ndiye aliyenieleza. Kile kikapu kilikuwa na chupa tupu. Nimekwenda mara mbili kumwomba, na mara zote mbili amesema atatoa, ila uende wewe, umsalimie. Sikujua nikwambie vipi. Ningekwambia nimetoka kwa Miwani ungenisikiliza?"

Mama Jibini alitikisa kichwa. Asingemsikiliza.

"Ameniambia pia kuna kazi kwake, kama naitaka. Nikamwambia siwezi, dada yangu ananitegemea."

"Nisamehe, mdogo wangu." Alimshika mkono juu ya meza, katikati ya makombo ya mkate. "Nimekosa. Nimekukosea sana."

"Nimekusamehe," Kitinda alisema, na alikuwa anasema kweli, sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. "Wewe ni mama yangu wa pili, nitakuchukia vipi? Lakini umenikalisha kwenye meza ya mama ukaniita mwizi, na hukuniuliza kwanza. Nikibaki, kila nikichelewa kurudi kutoka sokoni nitaona unaniangalia. Sitaweza." Akatoa mkono wake taratibu. "Kesho nitaanza kwa Miwani."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka. Kisigino kile kilipiga kata-kata mpaka barabarani. Mumewe alitaka kumkimbilia, Mama Jibini akamkataza, kisha akalia kwa sauti mbele yao wote, jambo ambalo wifi hakuwahi kuliona wala hakuthubutu kulisimulia.

Kesho yake Mama Jibini alivaa gauni lake la kutokea na kwenda mtaa wa pili, chupa iliyooshwa ndani ya mkoba. Alimsalimia Miwani kwanza, tena kwa kuinama kidogo, naye Miwani akaipokea chupa bila neno la kejeli, akaingia nayo nyuma kuijaza chachu. Lakini duka lilikuwa limejaa, na mahali pa kusubiri palikuwa kwenye foleni, kwa hiyo akasimama kwenye foleni. Ilipofika zamu yake, aliyekuwa upande wa pili wa kaunta, aproni mpya, kisu mkononi, alikuwa Kitinda.

"Karibu, dada," akasema. "Nikuonjeshe ipi?"

"Ile ya mama," akajibu Mama Jibini. "Nikatie kipande, nitakwenda kula nyumbani." Alitaka kuongeza kitu, akakitafuta, watu wakamsogelea nyuma.

Kitinda alimkatia kipande kinono, akakifunga kwenye karatasi ya njano, akamwekea mkononi kwa mikono miwili. Wakatazamana kidogo. Kisha akainua macho juu ya bega la dada yake, akamwita mteja aliyefuata.